Ligombo Katika Ukumbi wa Mwanjelwa

Nakumbuka jioni moja ya baridi pale Mwanjelwa, Mbeya, mwanangu, na kila niikumbukapo damu hunichemka, ingawa kwa mvi hizi ningepaswa kuwa nimetulia.

Tulikuwa bendi ya vijana wa Ipogolo. Mimi nilipiga gitaa, Lazaro ngoma, na Atupele, binti wa Kinyakyusa aliyelelewa kwetu Iringa, aliimba. Muziki wetu ni ule uitwao panki: magitaa makali, ngoma za mbio, na maneno yasiyombembeleza mtu. Hatukuwa na meneja wala tajiri. Wa nne wetu alikuwa Mzee Kihwele wa Kilolo, mpiga ligombo, ule ubao wa nyuzi wenye kibuyu ambao Wahehe huuimbia habari zao. Nyimbo zetu zote zilizaliwa katika nyuzi zake. Sisi tuliziongezea kelele tu. Wakubwa wa utamaduni walitutaka tuondoe magitaa ndipo tuitwe wa asili. Wenye kumbi walitutaka tuondoe ligombo ndipo tuitwe wa kisasa. Hakuna aliyetuuliza sisi tulitaka kuitwa nini.

Kwa desturi aliyoirithi Mzee, ligombo halianzi mpaka mmoja wa wasikilizaji amwitikie mpigaji. Basi jioni ile akasalimu, "Kamwene," akagusa uzi mmoja, akanyamaza akisubiri. Mshereheshaji hakujua, wala hakutaka kujua.

"Jamani, babu kasinzia," akasema. "Mleteeni blanketi."

Ukumbi ukaangua kicheko, na fundi mitambo akazima kipaza sauti cha Mzee.

Mwenye ukumbi akatuita nyuma ya jukwaa, akatupa sharti: turudi bila mzee, au tufungashe. Sauti ya ligombo angeitoa kwenye kinanda, alisema, na hakuna ambaye angejua tofauti. Lazaro akainamisha kichwa. Nafasi ile alikuwa ameisubiri tangu tuanze. Atupele akamuuliza kwa upole kama angeweza kuzipiga nyimbo za Mzee huku Mzee mwenyewe amesimamishwa nje. Lazaro akaanza kufungua ngoma zake moja moja na kuzipanga kwenye magunia, nasi tukajua ameamua kufungasha.

Mimi nilinyanyua stendi ya chuma niivunje spika yao kubwa. Mzee akanishika mkono.

"Weka chini, mjukuu wangu. Ukiivunja, kesho Mbeya nzima itaongelea spika. Nani ataongelea walichonifanyia?"

"Lakini wamekucheka, babu."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Hasira unayo, na ni haki yako. Iimbe. Na ukiimba, taja jambo lenyewe kwa jina lake."

Tukaondoka na Mzee, na hasira ile tukaiimba. Wimbo kuhusu jioni ile tuliurekodi wenyewe katika ghala la mahindi huko Kilolo, tukaupiga viwanja vya shule na magulioni, kutoka Iringa hadi Usangu. Kumbi kubwa hazikutuita tena. Mzee alipofariki, bendi ikakoma, kwa kuwa hatukukubali kuweka kinanda mahali pake. Wapo wasemao tulishindwa. Nawakatalia.

Leo nasikia ligombo katika matangazo ya biashara, limechomolewa kwenye kompyuta, halina mpigaji wala salamu, na wenye kufanya hivyo wanajisifu kuwa wanaenzi utamaduni. Huko si kuenzi. Ni kumfukuza mtu nyumbani kwake, kisha kuvaa koti lake na kupokea wageni.

Mwanangu, akija mtu kukufungulia mlango kwa sharti kwamba aliyekufundisha abaki nje, mkatalie, hata kama hutafunguliwa mwingine. Wala usione haya kukasirika. Ila hasira yako isiishie kwenye vyombo vya watu. Ielekeze kwenye tendo, ulieleze tendo hilo kwa usahihi, uendelee kulieleza hata wakuchoke.

Mungu akujalie sauti isiyokauka na wenzako wa kweli, na akuepushe na raha yoyote iliyojengwa juu ya fedheha ya mwingine. Amina.