Duka Lililopata Mwanga

Mama Vitambaa, kama mtaa mzima ulivyomwita, alishazoea kuuza gizani. Duka lake lilikuwa refu na jembamba, kaunta imeziba mlango, na mteja aliyetaka kujua kama kitambaa ni cheusi au bluu iliyokolea ilimbidi akitoe nje. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akishonea humohumo nyuma, mpaka alipopata kiharusi. Tangu hapo kiti chake cha magurudumu hakikuweza kupanda ngazi za mlangoni wala kupita kando ya kaunta. Akabaki nyumbani, akibishana na redio.

Mwenye jengo alipoamua kulikarabati, alimleta msanifu majengo, binti mmoja mpole. Mama Vitambaa alidhani atapima kuta aende zake. Kumbe aliomba kigoda, akashinda pembeni akiangalia watu wanavyoingia, wanapokwama, na wanapokata tamaa wakaondoka. Kabla ya kuaga akauliza cherehani iliyofunikwa ni ya nani. Akaelezwa yote.

Siku chache baadaye alirudi na mchoro, akautandaza juu ya majora. Kaunta ilikuwa imehamia ukutani, paani pana kioo cha kuingiza mwanga, na badala ya ngazi pana mteremko na njia pana hadi ndani.

"Na meza hii karibu na mlango ni ya nani?" Mama Vitambaa aliuliza.

"Ya baba," msanifu akamjibu. "Hata asiposhona, mama, macho yake na mdomo wake ni vizima. Awashauri wateja."

Mama Vitambaa aliinama kama anayeukagua mchoro. Machozi yalikuwa yanamlenga.

Mzee mwenyewe aligoma. Alisema hataki kukaa mlangoni kutazamwa kama sanamu. Lakini siku ya kufungua alikubali kusukumwa, kwa sharti kwamba akichoka arudishwe. Mteja wa kwanza alishika kitambaa cha gauni la harusi ya mdogo wake. Fundi akakipapasa kwa mkono wake mzima, akamwambia hicho kitakunjamana kabla bibi harusi hajapigwa picha, achukue kile cha pale juu. Mteja akacheka, akakichukua.

Mzee hakuomba kurudishwa. Jioni, mkewe akimsukuma kuelekea nyumbani, alisimulia habari za wateja wake njia nzima, na Mama Vitambaa, aliyewaona wote kwa macho yake, akamsikiliza kama anayesikia mapya.

Siku hizi, akimaliza kuwaombea wanawe, humtaja na binti yule wa mchoro.