Chupa ya Njano Haikufunguliwa

Mtaa mzima ulimwita Mama Keki. Harusi ikikaribia, au mtoto akitimiza mwaka, watu walipiga hodi jikoni kwake. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na maua yake ya sukari nusura uyanuse. Ulimi wake nao ulikuwa na sifa: Mama Keki akisema, kasema. Ndiyo maana alipoapa, aliaminiwa.

Binti wa kaka yake alikuwa akidhurika na rangi ya njano ya vyakula. Daktari alikuwa ameshaikataza. Siku ya kuzaliwa ya mtoto huyo, shangazi alimwokea keki iliyozungushiwa majani ya kijani. Wageni hawajaaga, mtoto akavimba midomo na kuanza kuhema. Alipona, lakini nje ya wodi kaka mtu aliuliza, "Dada, ulitia njano?"

"Chupa ya njano sijaifungua, haki ya Mungu!"

Ilikuwa kweli, na ndani ya kweli hiyo alificha uongo. Mtu aliyechanganya rangi nusu ya maisha yake hawezi kudai hajui kijani kinazaliwa na nani. Wazo lilimjia palepale, akalifukuza kama nzi. Macho yake yakamwangukia yaya, msichana aliyekuwa amemshika mtoto siku nzima.

"Labda huyu kampa peremende."

"Nimempa maji tu, shangazi!"

Nani amsikilize? Jioni hiyo yaya alifungasha virago.

Majuma yakapita. Siku moja mume wa Mama Keki, mwalimu wa sayansi, alikuwa mezani akiandaa somo. Alikata karatasi ya chujio, akapiga mstari wa penseli karibu na ukingo wa chini, na kwa kijiti cha meno akaweka juu yake nukta za rangi alizoazima kwa mkewe. Kisha akaisimamisha kwenye glasi yenye maji kidogo ya chumvi, nukta zisiguse maji.

"Mke wangu, njoo uone maji yakipanda mlima!"

"Nina keki ndani ya oveni. Wafundishe wenye sare."

"Njoo bwana, leo rangi zako zinavuliwa nguo!"

Alikuja akicheka. Nyekundu ilipanda ikiwa nyekundu vilevile. Kijani kilipanda kidogo, kikaanza kuachana: buluu ikatangulia, na nyuma yake ikabaki njano, imetulia kwenye karatasi kama doa la kiini cha yai.

Kicheko kikamkauka. "Kijiti chako kichafu."

"Chukua kingine, rudia mwenyewe."

Alirudia. Njano ikatoka tena. Mume akaacha utani. Naye alikuwa ameikumbuka wodi.

"Hukujua," akasema kwa upole.

Mlango huo ulikuwa wazi, na wengi wetu tungepita. Kutojua hakumhukumu mtu.

"Nilijua," akasema Mama Keki. "Nilichagua maneno."

Asubuhi alikwenda kwa kaka yake, akasema yote kabla hajakaribishwa kiti. Kaka aliinamisha kichwa. Aliyejibu ni mkewe.

"Wifi, kwa mwanangu nakusamehe, amepona. Kwa yule binti wa watu sina msamaha wa kukupa. Si wangu."

Yaya alipatikana nyuma ya nyumba nyingine, anafua. Alisikiliza bila kuacha kukamua shuka.

"Rudi, mwanangu. Nafasi yako ipo."

"Kurudi sirudi, shangazi. Ila kwetu wanajua nililisha mtoto sumu. Dada yangu kajifungua, na hawaniachii mtoto nimbebe. Kawaambie wao."

"Nitawapigia simu leo hii."

"Simu hapana. Ukasimame mbele yao, kama ulivyosimama pale hospitali."

Mama Keki aliweka mkoba chini, akaishika ncha ya pili ya shuka. "Tumalize hili, kisha unielekeze njia."

Msichana akalivuta shuka kutoka mikononi mwake.

"Nitaanika mwenyewe. Nenda, basi la kwetu halingoji mtu."