Kanda ya Mazishi ya Babu

Mwaka jana palikuwa na tamasha la filamu hapa Homa Bay, nami nilikwenda kwa ubishi tu. Mwalimu mwenzangu alishikilia kwamba filamu za vijana wa siku hizi ni kelele tupu, nikamwambia asihukumu chumvi kabla ya kuonja. Tukakaa kwenye viti vya plastiki ndani ya ukumbi uliozibwa madirisha kwa mablanketi, mchana wa jua kali, jasho linatutiririka. Filamu za vijana wa Mbita zilikuwa tamu, na mwenzangu akaacha ubishi. Kisha waandalizi wakaonyesha vipande vya kanda za zamani ambazo watu walikuwa wameombwa wazilete kutoka majumbani: harusi, ubatizo, harambee. Baada ya harusi moja yakaja mazishi. Jeneza uani, akina mama wamejifunga leso viunoni, mjomba wa mtu anajibwaga chini mbele ya kamera, halafu anafungua jicho moja kuona kama bado inamtazama. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikainuka nikatoka nje, na mwenzangu akadhani ni tumbo.

Haikuwa tumbo. Ni jambo nililolifanya nikiwa na miaka kumi na miwili, na kwa kuwa wewe huwezi kunikatiza, nitakusimulia wewe.

Nililelewa Karungu, kwa nyanya mzaa baba. Kama ulikulia upande ule hutashangaa nikisema kwamba filamu iliyopendwa kuliko zote nyumbani kwetu ilikuwa mazishi ya babu. Kila tanga la maana lilikuwa na mpiga video wake, na kanda ilirudi nyumbani ikakaa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Baba, aliyefanya kazi Migori mjini, alikuwa ametuletea televisheni, deki na jenereta ndogo. Jenereta iliwashwa Jumapili peke yake, baada ya kanisa, ikinguruma nyuma ya jiko na kuwatia kuku wazimu. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli nakumbuka samaki wa kukaanga, maana vyote viwili vilitufikia kwa dirisha moja.

Kanda zetu zilikuwa tatu: ya kwaya, ya karate iliyokosa mwanzo, na ya mazishi. Wageni walipokuja hawakuulizia ile ya karate. Walivua viatu mlangoni, wakajipanga kwenye mkeka, wakasema, "Haya, tuwekee mzee." Basi tulimweka mzee. Tuliona mwalimu wa shule akisoma wasifu wa marehemu, upepo ukampokonya karatasi, naye akaikimbiza hadi katikati ya ng'ombe. Tuliona ng'ombe wenyewe wakikimbizwa kulizunguka boma kufukuza kifo, vumbi likafunika kila kitu, na mpiga video akasikika akikohoa. Aliyelia vizuri alisifiwa, na aliyelia vibaya alisemwa hata kama yuko pale pale mkekani. Jirani yetu, mwanamke Mkuria aliyeolewa boma la pili, alikuwa nyota wa filamu ile na alijijua. Kwa kuwa Kijaluo chake kilikuwa cha kuombea maji tu, yeye na nyanya waliongea Kiswahili, kila mmoja na chake.

"Hebu rudisha hapo naanguka," alikuwa akisema. "Hapo nilianguka vizuri, si ndio mama?"

"Ulianguka vizuri," nyanya alimjibu. "Lakini ulikanyaga maua yangu."

Usidhani nyanya aliiangalia kanda ile kwa kujitesa. Siku ya mazishi mjane haoni watu. Watu ndio humwona yeye. Alikuwa amekaa karibu na kichwa cha jeneza, amefunikwa leso, akiona miguu tu inapita. Nani alikuja, nani alikaa nyuma, nani alilia machozi ya kweli, yote hayo aliyajua kwa kanda. Mwenyewe aliniambia kwamba alimzika mumewe mara mbili, na ile ya pili ndiyo aliyoiona.

Sehemu ya mwisho ilikuwa ya kula. Mpiga video alizunguka na kamera yake mezani na chini ya miti, nusu saa nzima ya watu wakitafuna, kisha magari yakiondoka. Watu wakianza kula kwenye televisheni, wageni halisi nao waliona njaa, na hapo ndipo sisi watoto tulipofukuziwa jikoni kuwasha moto wa chai. Wanaume walitoka kwenda kutazama ndama. Akina mama walianza kuulizana bei ya omena. Nyanya peke yake alibaki ameielekea televisheni, na mtu akitaka kuzima, alisema, "Wacha iishe. Matanga haiachwi katikati." Sisi huko jikoni tulimcheka. Tulisema nyanya anahesabu vipande vya nyama, ajue nani alichukua viwili.

Sasa nikuambie kosa langu. Kulitangazwa kwamba Jumapili moja saa tisa televisheni ingeonyesha filamu ya Kihindi, ya mapacha waliopotezana utotoni. Wasichana wa darasa letu waliokuwa na ndugu mjini walishaiona na walikuwa wakiimba nyimbo zake wakiteka maji ziwani, wakituzungushia shingo. Nilitaka kuwa nayo. Si kuiona tu, kuwa nayo, niirudishe na kuirudisha mpaka nijue kila wimbo. Niliitamani kwa namna ambayo siku hizi naogopa kuiona kwa watoto wangu mwenyewe. Kanda tupu hatukuwa nayo, na ile ya mazishi kibao chake kidogo cha plastiki, kile kinachoruhusu kurekodi, kilikuwa kimevunjwa.

Migori mjini kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu, mtu wa pwani, aliyeazimisha kanda dukani kwake. Baba alipenda kunipitisha pale tukiwa safarini. Nikamuuliza mzee yule, kwa sauti ya mtoto mzuri, kanda ikivunjwa pale ubavuni inakuwaje.

"Pengo hilo ni kufuli, binti yangu," akasema. "Ukiliziba kwa selotepu, kufuli limefunguka. Lakini jiulize kwanza kilichomo ndani ni cha nani."

Nilisikia ile nusu ya kwanza.

Jumapili hiyo nyanya alikuwa ameenda kumwona mgonjwa. Niliziba pengo kwa selotepu. Nikapeleka kanda mbele, nikampita mwalimu na karatasi yake, nikawapita ng'ombe, nikapita kaburi, nikasimama kwenye sahani ya kwanza ya pilau. Nilijiona mwenye busara, tena mwenye adabu. Mazishi yote nimeyaacha salama, nilijiambia, nachukua chakula tu, na chakula si mazishi. Nikabonyeza. Saa moja na nusu baadaye kanda ikafika mwisho kabla mapacha hawajatambuana. Nikabandua selotepu, nikairudisha kanda kabatini, nikaenda kulisha kuku nikiimba.

Jumapili iliyofuata wageni wakaja, tukaweka mzee. Nilijiandalia jibu. Ningesema kwamba watu wakila hawana faida kwa mtu. Kaburi likafunikwa, sahani ikatokea, picha ikaruka, na msichana wa Kihindi akatokea bustanini akiimba. Halafu jirani akapiga makofi.

"Ai, mama! Mzee ameoa Muhindi!"

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kupumua. Hakuna aliyekumbuka chai. Walikaa wakatazama filamu yote iliyokuwepo, wakampenda pacha mmoja na kumchukia mwingine, na mimi mara hii sikufukuziwa jikoni. Nilikuwa na furaha, nakuambia ukweli. Nilijiona nimewafanyia watu wema. Nyanya hakucheka wala hakukasirika. Aliendelea kuangalia kwa makini mno, kama anatafuta mtu katika umati, na jirani alipotaka kuinuka, nyanya akasema, "Wacha iishe." Deki ikalia, ikaanza kurudisha kanda yenyewe.

"Na yeye je?" akaniuliza kwa Kijaluo.

"Nani, dana?" Ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kijaluo.

"Babu yako. Yule wa mwisho, anayecheza."

Sikuelewa, na ilibidi anieleze pale mbele ya watu. Mpiga video, mwaka mmoja kabla ya kifo cha babu, alikuwa amepiga harusi ya binamu huko Osiri, na babu alikuwepo akicheza. Alipomaliza kutengeneza kanda ya mazishi ikambakia nafasi, akamwekea nyanya kipande kile mwishoni, baada ya kula na baada ya magari, bila kumwambia mtu. Kilikuwa kifupi, cha muda wa kuchemsha yai. Kila Jumapili nyanya alikuwa akivumilia nusu saa ya watu wakitafuna ili afike pale.

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. "Deki imeharibika, dana. Imekula kanda."

Aliniangalia. "Imekula?"

"Ndiyo."

"Basi ilikuwa na njaa," akasema, akaenda kufungia ndama.

Baba alipeleka deki kwa fundi Migori, ikarudi na habari kwamba ilikuwa na vumbi tu. Akamtafuta mpiga video, naye akasema kanda zilikuwa adimu siku zile, kazi ya zamani ilirekodiwa juu na kazi mpya, hakuwa na nakala. Mimi niliambiwa hayo yote nikiwa nimeshika ndoo, na hakuna aliyeniuliza kitu. Nilitamani niulizwe. Nilingoja kipigo wiki ya kwanza, na ya pili, kisha nikaanza kuamini kwamba nimesalimika. Nyanya hakutaka tena kuwekewa mzee. Wageni wakipendekeza, alisema macho yanamuuma. Televisheni ikafunikwa kitambaa cha kufuma, jirani akaanguka mara chache zaidi kwa kusimulia tu, na petroli ikatumiwa kwa shughuli nyingine.

Nilikua, nikasoma, nikapata kazi ya ualimu hapa Homa Bay. Nilikwenda nyumbani kila likizo na sukari na majani ya chai, na kila likizo nilikusudia kusema. Lakini kila nilipofungua mdomo yalitoka maneno ya mvua na mahindi. Uongo wa mtoto ni mdogo, nilijiambia, na bibi mzee ameshasahau. Ona jinsi mtu mzima anavyojibembeleza!

Alipozidiwa nikamchukua akae kwangu. Macho yalikuwa yameshikwa na mtoto wa jicho, na magoti yamefura. Mchana mmoja tulikuwa barazani tukibambua njugu, yeye kwa kupapasa, mimi kwa kuiba nyingine na kuzitia mdomoni.

"Nyathina, mtoto wangu," akasema, "nieleze vile babu yako alikuwa anacheza pale mwisho wa kanda. Picha imeanza kunipotea. Wewe ulikuwa na macho mazuri."

Ningeweza kusema ukweli wakati huo. Badala yake nikatunga. "Alikuwa ameinua fimbo juu, dana, anazunguka."

"Fimbo alikuwa amempa mtu amshikie."

"Eh, kweli. Na ile kofia yake..."

"Hakuwa na kofia." Vidole vyake vikasimama. "Hukuiona hata siku moja."

"Sikuiona. Nilikuwa jikoni na chai." Kisha yote yakatoka, baada ya miaka ishirini na zaidi. "Na haikuwa deki, dana. Ni mimi. Nilirekodi juu yake."

"Najua," akasema. "Deki ingejifunzia wapi Kihindi?"

Nilicheka, halafu nikalia, tena kwa sauti, mtu mzima na barazani kwake. Nikamuuliza kwa nini hakunichapa, kwa nini hakuniuliza hata mara moja.

"Nilikuwa nangoja uje useme mwenyewe. Ungekuja ningekushika mkono nikuonyeshe. Nilikuwa naijua yote, mguu kwa mguu. Na magoti yalikuwa bado yangu."

"Nionyeshe sasa," nikasema, mjinga mimi.

Aliweka sinia chini. Akanyoosha mgongo. Akainua bega la kushoto polepole, akalishikilia juu, akaliachia. "Ilianza hivi," akasema. Nikangoja. Alikunja uso kama mtu anayetafuta jina la rafiki yake mwenyewe. Mkono ukainuka kidogo, ukasita, ukarudi mapajani. Hakusema amesahau. Alipapasa sinia tu, akaendelea na njugu zake, na mwezi haukuisha tukampeleka Karungu kumzika.

Watu husema mambo ya zamani yamechukuliwa na wakati. Haya yangu wakati hauna hatia nayo. Nilimfuta babu mara mbili: mara ya kwanza kwa saa moja na nusu ya mapacha, mara ya pili kwa miaka yote niliyonyamaza, na hiyo ya pili ndiyo isiyonipa usingizi. Nimeachiwa bega moja tu. Nikiwa peke yangu nyumbani huliinua, nikalishikilia, nikaliachia, kisha nasimama pale pale, sijui ni mguu gani unaofuata.