Kompyuta Iliyosema Wabeja

Kagongwa kuna vumbi la aina mbili. Liko la barabarani, linalokuja na malori ya Isaka, na liko la pumba, linalotoka kwenye mashine za kukoboa mpunga. Hilo la pumba ndilo linaloua printa. Mke wangu alikata kitenge chake cha zamani akashona vifuniko viwili, kimoja cha kompyuta na kimoja cha printa, na kila jioni kabla hatujafunga steshenari alizifunika mashine zetu taratibu, kama anayelaza watoto. Vifuniko hivyo bado ninavyo. Yeye ndiye sinaye. Yuko hai, nashukuru. Anaishi Rwamgasa kwa binti yetu, anayewapikia chakula wachimbaji wa dhahabu. Lakini ni miaka sasa tangu alale katika nyumba hii, na hadi leo nikishika kile kitenge najikuta nageuka nyuma ili nimwambie tufunge.

Tulianza na kompyuta moja ya mtumba isiyo na kitu ndani. Fundi aliyekuwa akihudumia ofisi ya parokia, ambako mke wangu alijifunza kuchapa, alituwekea programu huria. Hizo ni programu ambazo walioziandika wameziacha wazi, na mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili, hata kuzifungua na kubadilisha yaliyomo. Hatukulipa kitu. Mimi jambo hilo lilinitia wasiwasi, yeye lilimfurahisha.

Wateja wetu wengi walikuwa wazee na kina mama wa vijijini, waliokuja kuchapiwa barua za maombi, hati za kuuziana ng'ombe, ratiba za misiba. Walikaa kwenye benchi nyuma ya mke wangu wakitazama kioo. Siku moja bibi mmoja akamuuliza kwa Kisukuma kwa nini chombo kinachoandika barua yake hakijui lugha yake. Mke wangu alicheka, lakini fundi alipokuja akamuuliza swali lilelile. Fundi akamwonyesha kwamba maneno yote ya programu, fungua, hifadhi, chapisha na mengineyo, yako kwenye faili moja refu, Kiingereza kushoto, na kulia pako wazi pakimngoja wa kupajaza.

Mke wangu akaanza kujaza. Alijaza kati ya mteja na mteja, akinong'ona maneno peke yake.

"Baba watoto, ukitaka kitu kirudi kilivyokuwa kabla hujakosea, kwa Kisukuma ungesemaje?"

"Kwetu ukikosea umekosea."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Una uzoefu."

Pale ambapo programu ilikuwa ikitangaza kwamba uchapishaji umekamilika, aliweka neno moja tu: Wabeja. Asante. Bibi zetu walilipenda. Hata asiyejua kusoma alilitambua kwa umbo lake, akaketi kulingoja, na lilipotokea akaiitikia kompyuta kwa heshima kama anavyoitikia mtu. Na kila aliyekuja na flashi akaiomba programu hiyo, mke wangu alimnakilia.

"Unagawa duka," nilimwambia.

"Duka liko palepale. Na mimi nilipewa."

Alikuwapo mteja wetu mmoja mkubwa, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kahama, mtu wa utani na wa kulipa kwa wakati. Siku moja alileta orodha ya bei aliyoiandaa ofisini kwake kwa programu ya kulipia. Ilipofunguka kwetu, mistari ya jedwali ilihama.

"Mzee, jedwali langu limelewa," akasema. "Hiyo programu yenu ya bure inakunywa nini?"

Watu kwenye benchi wakacheka, na mke wangu pia. Mimi sikucheka. Kuhusu jedwali alikuwa na haki. Lakini kilichoniuma hakikuwa jedwali, kilikuwa lile neno bure, kusemwa mbele ya wateja wangu.

Mama mkwe alipougua, mke wangu akaenda Mhunze kumuuguza. Nikaitumia nafasi hiyo kumwita fundi mwingine. Alikuja na diski, akafuta kila kilichokuwemo, akaweka programu ya kulipia. Leseni sikuwa nayo, kwa hiyo akaivunja kufuli kwa kijiprogramu cha wizi. "Sasa mzee uko kisasa," akaniambia, nami nikamnunulia soda. Nikiyakumbuka hayo nikiwa peke yangu, uso unaniwaka. Nilikitupa kitu nilichopewa kwa moyo mweupe, nikaweka kilichoibwa, na nikajiona nimepanda cheo kwa sababu kilichoibwa kilikuwa na bei.

Mke wangu alirudi, akaondoa kitenge, akawasha. Kioo kikaja na Kiingereza kitupu.

"Maneno yangu umeyaweka wapi?"

"Maneno gani? Sasa tuna kitu cha maana."

Hakugomba. Kulikuwa na mteja anasubiri, akamwandikia barua yake. Ilipotoka kwenye printa, yule mteja, bibi wa kijiji cha jirani, hakuinuka. Alikuwa akingoja neno lake. Mke wangu akamkabidhi karatasi na kumwambia "wabeja" kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa amenipa mgongo.

Baadaye binti yetu akajifungua, na mke wangu akaenda Rwamgasa kumtunza. Siku za uzazi zikaisha, mtoto akatambaa, akatembea, na mama hakurudi. Nilipompigia kumwuliza, alijibu kwa upole, "Huko unanitakia nini? Kompyuta yako inajua kila kitu."

Sitaisingizia ile programu. Ya wizi ilijaa virusi nikaiondoa, nikanunua kompyuta mpya na leseni halali ya kulipia kila mwaka, na inafanya kazi vizuri. Majedwali yananyooka. Ila tangu wakati huo nimekuwa nikichapa nikiwa kimya, na kwenye benchi lile watu hukaa wakitazama simu zao.

Mwaka huu nilikwenda Mhunze kufuatilia karatasi za kiwanja, nikaingia kwenye kiduka cha steshenari kutoa nakala na kuchapiwa barua. Mwenye duka, mama wa makamo, alinisalimu shikamoo, nikaitika marahaba, akachapa. Printa ikanguruma. Ilipotulia, kwenye kioo pakatokea: Wabeja.

Nilisogea mpaka nikaegemea meza yake.

"Babu, mbona unaitazama hivyo?" akasema. "Kama umemkuta mkweo kilabuni."

"Hii umeipata wapi?"

"Kuna mama mmoja alikuwa hapa akimuuguza mamake. Alikuja kutoa nakala za vyeti vya dawa, akaona nahangaika na Kiingereza, akanipa kwenye flashi. Nilitaka kumlipa akakataa. Akasema na mimi nikiombwa nitoe."

Kumbe siku zilezile nilizokuwa nikifuta kule Kagongwa, yeye alikuwa akigawa huku. Nikamwambia mwenye duka kwamba mama huyo ni mke wangu, nikanunua flashi kwake na kumwomba aninakilie. Alinitazama, akaitazama flashi, na hakuuliza mbona mume anakuja kuomba kitu cha mkewe kwa watu. Akaninakilia.

Nyumbani niliitoa stoo ile kompyuta ya mtumba. Yule fundi wa parokia, sasa mzee kama mimi, akaja kuniwekea. Nikaandika mstari mmoja, nikachapisha, nikalitazama neno likitokea mahali pake. Kisha nikapiga simu Rwamgasa.

"Nimeyapata maneno yako," nilimwambia. "Yako Mhunze, kwa yule mwenye steshenari. Na sasa yako hapa. Nilikosea, mama watoto. Ningekuuliza kwanza."

Nilisikia sufuria zikigongana nyuma yake, na mjukuu akimwita.

"Upande wa majedwali sikuwa nimeumaliza," akasema mwishowe. "Upande huo bado una Kiingereza?"

Nikafungua nikatazama. "Wote."

"Fundi asiuguse."

"Hataugusa."

"Na wewe usiujaribu. Kisukuma chako cha Kagongwa kina makosa."

"Nauacha hivihivi."

"Hiyo kompyuta umeifunika?"

Nikanyoosha mkono kukifuata kitenge. "Naifunika sasa hivi," nikasema.

"Kikung'ute kwanza," akasema, na hakukata simu. Nikatoka nacho mlangoni, simu nimeibana begani, nikakikung'uta huku yeye akisikiliza.