Maiki ya Ngurumo

Mume wangu alikuwa mnadi wa nguo za mitumba. Akipanda juu ya meza yake sokoni, hata walioko upande wa viatu waliacha kubishana bei wakamsikiliza. Wenzake walimwita Ngurumo, na jina hilohilo akaliandika kwenye mashine yake ya gemu, kwenye mchezo wa vita anaocheza kwa intaneti na watu ambao hajawahi kuwaona. Huko alikuwa mkuu wa kikosi. "Rudi kushoto. Usifyatue bado. We mzembe, linda mlango." Mimi nikikunja nguo nilikuwa nacheka, maana nyumbani hawezi kumwamuru hata paka.

Kisha akaota uvimbe kooni. Daktari aliutoa, akamwokoa, ila sauti ilibaki hukohuko hospitali. Kilichorudi nyumbani ni mnong'ono, kama karatasi inayoburutwa sakafuni. Sokoni sasa yeye anakunja mashati, mwingine ananadi. Hilo alilimeza kimya. Lakini kikosi chake hakikujua. Aliwaaga kwamba anasafiri, na tangu hapo ile mashine ilikaa imezimwa, yeye akiifuta vumbi kila jioni.

"Nikipata maiki nzuri watanisikia," aliniambia siku moja. "Kuongoza si kupiga kelele. Ni kusema kwa wakati wake."

Sikumbishia. Nikamfunga mtoto mgongoni, tukaenda dukani.

Muuzaji, bwana mcheshi mwenye kitambi, alitushushia hedifoni kubwa zenye taa.

"Hizi ndizo zenyewe, kaka. Ukizivaa utamsikia adui akikanyaga majani nyuma yako."

Mume wangu akatikisa kichwa, akagusa maiki.

"Anataka maiki," nikasema. "Masikio yake hayana shida."

"Aa, basi zimempata mwenyewe. Maiki ya hizi inafuta kelele zote. Hata ukikaa pembeni ya jenereta, wenzako watasikia sauti yako tu."

Akamvalisha, akarekodi, akatuwekea tusikilize. Magari ya barabarani hayakuwepo. Feni ya dukani haikuwepo. Na mume wangu naye hakuwepo.

"Sasa ongea, kaka. Haing'ati hiyo."

"Ameshaongea," nikasema.

Muuzaji akamtazama shingoni, akaliona kovu, mzaha ukamwishia. Ile maiki ilimhesabu mume wangu kuwa kelele, ikamfuta pamoja na feni.

Akatutolea nyingine, za plastiki, nyepesi, ambazo maiki yake haichagui sauti. Hiyo ilinasa kila kitu: honi, kikohozi cha muuzaji, mtoto wangu akinyonya kidole. Na katikati ya hayo, kwa mbali, yeye. Akaomba irudiwe.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, baba," nikamjibu.

"Mbona kama mzee."

Tukachukua hizo.

Kwa kuwa zinanasa kila kitu, ilibidi nyumba inyamaze. Jioni nikazima feni, nikafunga dirisha, nikaepua sufuria iliyokuwa inatokota, nikatoka na mtoto barazani.

"Umefukuzwa?" jirani akaniuliza.

"Baba yake yuko kazini."

"Kazini chumbani?" Akacheka, nami nikacheka kidogo ili mambo yaishe.

Mtoto aliposinzia niliingia naye polepole, nikaketi kitandani. Joto lilikuwa halisemeki. Hedifoni zile huvujisha sauti, kwa hiyo niliwasikia wenzake, wadogo kama wadudu ndani ya kopo.

"Nani anapumua kwenye maiki?"

"Ngurumo karudi, si unaona jina lake."

"Ngurumo gani huyu? Mzee, umekalia kiti cha watu."

Mume wangu akaivuta maiki hadi mdomoni. "Kushoto," akanong'ona. "Rudini kushoto."

"Hatukupati vizuri, mzee. Mwenye akaunti yuko wapi? Wewe ni ndugu yake?"

Mishipa ya shingo ikamtoka. Nikajua anataka kuilazimisha sauti, jambo ambalo daktari alilikataza. Nikamwekea mkono begani.

"Ndugu yake," akasema, kwa uwezo wake wote.

"Basi kaa nyuma yetu, usije ukatuharibia. Ngurumo akirudi mwambie tunamngoja."

Akakaa nyuma. Nilimwona kwenye kioo cha mashine yule askari wake wa mchezoni, akiwafuata wenzake kulia. Adui walitokea kushoto, wakawaangusha wote.

Kesho yake jioni nilinyoosha mkono kuzima feni. Akanizuia.

"Iache izunguke," akasema. "Mtoto abaki ndani."

Akavaa hedifoni, akaukunja mkono wa maiki juu, mbali na mdomo, akaanza kucheza. Nikakaa karibu naye na nepi zangu za kukunja. Kutoka sikioni mwake mtu aliuliza kama Ngurumo amesharudi. Mume wangu, macho kwenye kioo, akatikisa kichwa kuwa bado, kana kwamba wangemwona.