Bariyeri ya Mvua kwenye Barabara ya Wavre

Harufu ya makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, ikichanganyika na lami iliyolowa: hiyo ndiyo harufu ya mtaa wetu wa Matonge, hapa Brussels, katika miaka ya tisini. Tuliishi ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitenge, kwenye barabara iitwayo Chaussée de Wavre. Nilikuwa na miaka kumi na sikuwa nimefungua mdomo darasani tangu tulipofika kutoka Bukavu. Kifaransa nilikijua, ila maneno yalikuwa yakifika kwenye meno yanarudi nyuma. Kisha mwalimu akatupa kazi: Jumatatu kila mmoja asimame aeleze barabara yake inatoka wapi, inaishia wapi, na ilijengwa vipi. Atakayenyamaza hatakwenda na wenzake kuona bahari. Mimi bahari sikuwa nimeiona hata siku moja, nikalala nikiiwaza na kuogopa kwa pamoja.

Aliyefurahi ni baba. Kule Kivu alikuwa msimamizi wa kipande cha barabara ya udongo iendayo Kamituga. Alifukia mashimo, alizibua mifereji, na mvua iliponyesha alishusha bariyeri, mti mrefu uliokatiza njia, malori yakangoja mpaka udongo ukauke. Brussels alifagia ofisi, na hakuna aliyewahi kumwuliza lolote kuhusu barabara.

“Faida, mutoto yangu, kesho tunaifuata na miguu mpaka Wavre,” akasema.

“Papa Faida, bisi ya kupanda iko!” mama akacheka. “Watu watasema tumefukuzwa mu nyumba.”

Hata hivyo alifunga mikate na chupa ya chai, na Jumapili asubuhi tukaondoka. Tulipita maduka yaliyofungwa, tukapita Etterbeek na Auderghem, kisha nyumba zikaisha na msitu ukaanza, miti mirefu mpaka baba akavua kofia. Njia nzima alikuwa akichungulia mifereji na kusifu, “Bon, huyu alifanya kazi.” Alinisimulia jinsi babu zetu walivyolazimishwa kuchimba barabara ya Kamituga kwa majembe, kila kijiji kipande chake, na jinsi yeye alivyojua kila kona yake kwa jina. Mimi nilikuwa nikirudia kimoyomoyo, kwa Kifaransa, kila alichosema.

Baada ya msitu tulifika kwenye mashamba na vibanda vya vioo ambamo watu walilima zabibu. Hapo mvua ikashuka. Baba akasimama, akanyoosha mkono kukatiza njia mbele yetu.

“Bariyeri,” akasema.

“Yesu wangu! Hii ni lami, haina hata tope!” mama akapiga makofi.

“Barabara ni barabara. Tunangoja ikauke.”

Hakuwa anatania. Tukajibanza chini ya paa la banda moja, na magari yakapita mbele yetu bila kumwomba ruhusa. Bibi mmoja mwenye aproni akatoka ndani, akauliza kama tumepotea. Baba akamweleza kwa heshima zote kwamba tunangoja barabara ikauke. Bibi alicheka mpaka akashika mlango, kisha akatuletea zabibu nyeusi kwenye bakuli. Akatuambia babu yake alikuwa akipeleka zabibu mjini kwa mkokoteni wa farasi, wakati njia ilikuwa mawe matupu, na kwamba mvua ikizidi naye alikuwa akisimama, maana farasi waliteleza. Baba akamgeukia mama kama mtu aliyeshinda kesi. Mvua haikukatika mpaka jioni. Tukarudi kwa basi, na Wavre hatukuiona.

Jumatatu nilisimama. Nikaanza na farasi, nikaja kwenye majembe, nikafika kwenye bariyeri, na nilipoonyesha mkono wa baba mbele ya magari darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Mwalimu akauliza, “Na inaishia wapi?” Nikajibu, “Sijui, Madame. Mvua ilinyesha.” Bahari niliiona mwezi uleule. Ilikuwa ya kijivu, na baridi yake nzuri mno.

Sasa nahudumia wazee majumbani, na barabara ile naipita kwa gari karibu kila siku. Vibanda vingi vya zabibu vimebomolewa, na mwendo uliotushinda siku nzima naumaliza kabla redio haijarudia habari. Juzi nilimchukua baba, ambaye magoti yake hayapandi tena ngazi, nikamfikisha Wavre. Tulipoingia mjini tukaona kibao kikielekeza Namur, mbele zaidi.

“Kumbe haiishii hapa!” akasema, macho yakimng’aa. “Ulimudanganya mwalimu?”

“Hapana, papa. Nilisema sijui.”

Matone yakaanza kugonga kioo. Baba akanyoosha mkono mbele yangu, nami nikaegesha pembeni, nikazima gari, nikamfungulia chupa ya chai.