Springi za Gavana kwa Lori la Dada Dativa

Nilitoka Kibondo kwa sababu ya mlio wa injini. Dada yangu Dativa, ambaye ameolewa Kitanga na ndiye dereva wa lori la mazao la nyumbani kwao, alinirekodia kwa simu injini ikipanda mlima na mzigo wa maharage. Nilisikiliza nikiwa kwenye karakana yangu, mikono ina grisi. Injini ilivuma vizuri ikipanda resi, na pale pale ilipoanza kupata nguvu ikapoa ghafla. Nikamsikia dada akiingiza gia ya tatu, injini ikazama, akairudisha ya pili, na lori likaendelea kujikokota.

Mimi ni fundi wa pampu za dizeli, na mlio ule niliuelewa. Ndani ya pampu kuna gavana, kifaa kinachokata mafuta injini inapotaka kuzunguka kupita kiasi. Gavana hushikiliwa na springi. Zikiwa laini au zimechoka, mafuta hukatwa mapema. Kwenye tambarare hutaona shida. Mlimani dereva anabadilisha gia kabla injini haijachanganya, na gia ya juu inamshinda.

Shida yenyewe ilikuwa kubwa kuliko springi. Shemeji yangu Venansi ndiye aliyekuwa dereva hadi jicho lake moja lilipopoteza nuru, dada akashika usukani. Muda si mrefu kabla ya kunipigia, lori lilishindwa kubadili gia mlimani likarudi nyuma, watu wakiwa wamekaa juu ya magunia. Dada aliliwahi kwa breki na hakuna aliyeumia. Lakini shemeji akasema basi, liuzwe, na mnunuzi wa Kasulu akaahidi kuja mwisho wa wiki. Dada hakulalamika sana kwenye simu. Aliniambia tu, "Edita, likiuzwa narudi kulima. Kulima si kubaya. Ila hii kazi nimeshaijua."

Asubuhi nilipanda basi la Kasulu nikiwa na mkoba wa spana na nguo za siku chache. Barabara siku hizi ni ya lami, na safari ambayo zamani ilikujaza vumbi masikioni sasa unaweza kuisinzia. Sikusinzia. Mvua zilikuwa zimekwisha, miteremko yote ilikuwa ya kijani, na kwenye daraja la Malagarasi maji yalikuwa mengi na mekundu. Makere walipanda akina mama wawili wenye mabunda ya vitenge, wakizungumza Kiswahili cha Kongo chenye maneno ya Kifaransa ndani yake. Mmoja aliuona mkoba wangu ukiwa mzito, akauliza kama nabeba mawe. Nilipomwambia ni vyombo vya ufundi wa magari, alinitazama mikono kwanza, halafu akasogea ili niupakate vizuri.

Kasulu nilishuka stendi nikaenda moja kwa moja dukani kwa Mzee Swedi. Huyu ni muuza vipuri, mtu wa Ujiji kwa asili, na ndiye aliyenifundisha kutofautisha springi halisi na ya kuigiza kwa kuibonyeza tu kwa dole gumba. Nilimwamkia, akaitikia, akaagiza kahawa kabla ya kuuliza kilichonileta. Aliweka juu ya meza seti mbili za springi za gavana kwa pampu kama ya lori la dada. Zote zilikuwa ngumu kuliko zile za kiwandani, lakini moja ilikuwa ngumu zaidi ya nyingine. Mkono wangu ulikwenda kwenye ile ngumu zaidi. Mzee Swedi aliuliza injini ina umri gani. Nikamwambia.

"Basi mwanangu, ukiifungia hiyo itakimbia mpaka itoe vyuma nje," alisema. "Chukua hii ya kati. Akitaka mbio, anunue pikipiki."

Nilichukua ya kati. Mchana nilipata bodaboda hadi njia panda, na kutoka hapo gari dogo la abiria likanifikisha Kitanga jua likiwa limeanza kulegea.

Kitanga dada alinipokea kwa salamu ya kwetu, mwidiwe, akanikumbatia hadi mkoba ukaanguka. Tulikula ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Shemeji Venansi ni mtu mpole, lakini siku ile alikuwa na neno moja kichwani. Aliuliza kama springi nilizoleta ndizo kali kuliko zote. Nilimweleza kwamba zilikuwepo kali zaidi na nimeziacha Kasulu, nikamwambia sababu. Akasukuma sahani yake pembeni. Baadaye alisema kwa sauti ya chini kwamba kama ni kujaribu, bora mtu ajaribu kwelikweli, kwa sababu mnunuzi anakuja keshokutwa.

Kesho yake, kabla sijagusa spana, dada aliomba nipande naye kidogo. Sikuwa na mazoea hayo. Kwetu karakanani pampu huletwa imefungwa kwenye gunia, naifungua, naitengeneza, inaondoka. Tulizunguka barabara ya kijiji lori likiwa tupu, akanionyesha kwa mkono mahali hasa injini inapomwachia. "Hapa ninahitaji kidogo tu," alisema. "Kidogo tu, halafu ya tatu inashika." Nilielewa ni kiasi gani cha kukaza, jambo ambalo simu isingenipa.

Tulirudi uani tukaanza. Nilisafisha pampu kwa dizeli na brashi, maana punje moja ya mchanga ndani yake ni ugonjwa. Nikafungua kifuniko kidogo cha nyuma. Dada aliizungusha injini polepole kwa spana ndefu hadi nati ya kwanza ya gavana ikatokea kwenye tundu. Ndani kuna vyuma viwili vizito vinavyozunguka, na kila kimoja kina springi zake zilizoingiliana, ndogo ndani ya kubwa, zikikazwa na nati moja. Nati hiyo ukiizungusha hutoa mlio mdogo, ka, na lazima uihesabu milio, kwa sababu pande mbili zisipolingana gavana hutetemeka na injini haitulii.

Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Springi za zamani zilitoka, mpya zikaingia, nikakaza kwa kiasi nilichokisikia asubuhi kwenye usukani wa dada. Upande wa pili, nilipokuwa natoa springi ya ndani, washa moja, kipete cha chuma chembamba kama ukucha, ilinata kwenye mafuta ya kidole changu, ikateleza, ikadondokea ndani ya pampu.

Tuliisikia sote watatu, pamoja na shemeji aliyekuwa akitutazama. Mlio wake ulikuwa mdogo sana.

Nilimweleza shemeji bila kuficha. Washa ile ikibaki ndani inaweza kukwamisha mtambo wa mafuta ukiwa wazi, na injini ikapanda resi bila kusimama hadi ipasuke. Kama haitoki, pampu yote inabidi ishushwe na ipelekwe Kibondo. Mnunuzi angekuja akute lori limefunguliwa tumbo. Dada alikaa kwenye tairi la akiba, akaanza kufuta spana ambazo zilikuwa safi tayari.

Nilitegemea shemeji aseme kwamba alijua itakuwa hivi. Badala yake aliingia ndani, akatoka na redio yake, ile anayosikilizia taarifa ya habari kila siku. Spika ilikuwa bado nzima. Aliifungua kwa bisibisi yangu, akang'oa sumaku nyuma ya spika, kisha akaichomoa spoku moja kwenye baiskeli iliyokuwa imeegemea ukuta.

"Shika spoku, mimi nitabana sumaku huku juu," aliniambia. "Chuma kikigusana na sumaku nacho kinavuta."

Ilikuwa kweli. Nilipinda ncha ya spoku kidogo, nikaishusha kwenye tundu, yeye akishikilia sumaku upande wa juu na jicho lake zima karibu na mkono wangu. Tulipapasa kwa muda mrefu. Mara mbili nilihisi kitu kikinata kikaachia. Mara ya tatu washa ilipanda taratibu, ikiwa inang'aa kwa mafuta, na dada akaipokea kwa kitambaa. Shemeji aliketi chini akacheka peke yake, nasi tukacheka naye.

Nilimalizia upande wa pili kwa hesabu ile ile ya milio, na jioni tukafunga kifuniko. Kabla ya kuwasha niliomba ubao, nikasimama karibu na mdomo wa kuvutia hewa, ili injini ikigoma kutulia niizibe pumzi ife. Dada aliwasha. Ilikohoa, ikatoa moshi, ikatulia. Akaipandisha resi pole pole, ikapanda kupita pale pa zamani, juu kidogo, kisha gavana ikaishika kama inavyotakiwa. Nikauweka ubao chini.

Siku ya mnunuzi hatukumsubiri. Kulikuwa na mzigo wa maharage wa kupeleka Kasulu, na dada alimpigia simu wakutane huko huko sokoni. Tulipakia, watu wakapanda juu, mimi na shemeji tukakaa mbele na dereva. Chini ya mlima abiria walishuka wote bila kuambiwa, kama walivyozoea tangu lile lori liliporudi nyuma, wakaanza kupanda kwa miguu. Shemeji alishika mlango kwa mkono mmoja. Dada aliivuta ya pili hadi mwisho, akaachia, akaingiza ya tatu.

Ikashika.

Tulipanda nayo hadi juu. Tulisimama tukiwasubiri abiria, na ilichukua muda, kwa kuwa mlima ni mrefu na wao walikuwa wametegemea kutukuta katikati. Mama mmoja mwenye kuku kwapani alifika akihema, akatuuliza kwa nini hatukuwaambia kwamba lori limepona. Dada aliomba radhi, akashuka kumsaidia kupanda.

Kasulu mnunuzi alikuwa sokoni kama alivyoahidi. Alilizunguka lori, akapiga mateke matairi, akamwomba shemeji ufunguo ajaribu kuliendesha. Shemeji alinyoosha kidole kwa dada, aliyekuwa akihesabu magunia yakishushwa.

"Muulize dereva," alisema. "Mimi ni abiria."

Dada aligeuka, akasema kwa heshima kwamba lori lina kazi. Mnunuzi akashangaa kidogo, akaaga, akaondoka. Shemeji akamwuliza mkewe kama watapata muda wa kupita dukani kutafuta redio nyingine.

Nilirudi Kibondo kwa basi la mchana, mkoba ukiwa na springi za zamani na mfuko wa maharage niliyopewa. Kwa miaka yote ya ufundi wangu nilikuwa nimezifahamu pampu kuliko watu wanaozitumia. Sasa mteja akileta pampu yake kwenye gunia, kabla sijafungua kamba namuuliza nani anaendesha, na ni mahali gani hasa gari linamwachia. Wengine huona ni maswali ya kupoteza muda. Nawapa kiti, nasubiri wanijibu.